Kizuri Hakikosi Ila: Tuwapimeje Wanasoka wa Uingereza?

Ikifika Jumamosi alasiri mjini Kisumu, kutoka Kondele hadi Nyalenda, kutoka Manyatta hadi ufuo wa Dunga, mazungumzo huwa ya aina moja. Waendeshaji bodaboda, wachuuzi wa soko la Kibuye, wavuvi waliokwisha kuanika nyavu zao, na wanafunzi ambao kwa haki wangekuwa wanadurusu vitabu, wote hugeuka mahakimu. Mshtakiwa ni mchezaji fulani wa Arsenal, wa Manchester United, wa Liverpool au wa Chelsea, ambaye huenda hajui kwamba duniani kuna mji uitwao Kisumu. Hukumu hutolewa kwa sauti ya juu na rufani haisikilizwi: huyu ni moto wa kuotea mbali, yule hafai hata kuokota mipira.

Sina nia ya kuwanyima watu burudani yao. Wako wasomi wanaodai kwamba mapenzi haya kwa Ligi Kuu ya Uingereza ni ukoloni uliorejea kwa sura nyingine, na kwamba kijana wa Kisumu anayejua majina ya mabeki wote wa Arsenal bila kumjua golikipa wa Gor Mahia amekwisha kupotea. Maoni hayo yana chembe ya ukweli, lakini mimi siyafuati hadi mwisho wake. Kandanda ni kama lugha, na hakuna aliyepata hasara kwa kujifunza lugha ya ugenini. Kinachonishughulisha ni jambo jingine. Tunawatazama wachezaji hawa kila juma, mwaka nenda mwaka rudi, na bado hatujajifunza kuwapima. Tunasifu bila kueleza, tunalaani bila ushahidi. Kijana aliyezoea kumhukumu mchezaji kwa njia hiyo, ndivyo atakavyomhukumu mwalimu wake, kiongozi wake, na hatimaye nafsi yake mwenyewe.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi lililowafurahisha mwanzoni. Niliwataka waandike kurasa mbili kuhusu uwezo na udhaifu wa mwanasoka mmoja wa Uingereza, kwa sharti kwamba wasitumie maneno “hatari”, “noma”, “kali” wala “bure”. Furaha iliyeyuka upesi. Wengi waliishia nusu ukurasa. Kiswahili hakikuwapungukia, kwani lugha hii ina kukaba, kupokonya, kumiliki mpira, kupiga chenga, kutia krosi, kujipanga, kuotea, kuachia nafasi na kuusoma mchezo. Kilichopungua ni mazoea ya kutazama kabla ya kusema. Walikuwa wameona mamia ya mechi na wasiweze kueleza hata moja.

Hebu tujaribu zoezi hilo sisi wenyewe, tukianza na Victor Wanyama, maana huyu ni wa kwetu. Mnamo Julai 2013 alihama kutoka Celtic ya Scotland kwenda Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Miezi minane kabla ya hapo, Novemba 2012, alikuwa amefunga bao la kwanza Celtic ilipoishinda Barcelona mabao 2 kwa 1 katika Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2016 alijiunga na Tottenham, chini ya kocha Mauricio Pochettino ambaye walikuwa wamefanya kazi pamoja huko Southampton. Msimu wa 2016/2017 alicheza mechi 36 kati ya 38 za ligi. Tottenham ilimaliza ya pili, na nyavu zake zilitikiswa mara 26 tu, idadi ndogo kuliko ya timu nyingine yoyote msimu huo.

Uwezo wa Wanyama ulikuwa nini hasa? Mtu wa haraka atasema nguvu. Ni kweli kwamba alikuwa na mwili wa mnyanyua mizigo, lakini wenye nguvu ni wengi katika ligi ile. Tofauti yake ilikuwa mahali aliposimama. Alijua kukaa mbele ya mabeki wake kiasi kwamba adui alipotafuta njia ya katikati aliikuta imekwisha kuzibwa. Aliupokonya mpira, kisha akautoa kwa pasi fupi kwa aliyejua kuufanyia mapambo. Hiyo ni kazi ya mlinzi wa zizi: haipigiwi makofi, lakini siku asipokuwapo ng'ombe hupotea. Na mguu wake ulikuwa na radi pia. Februari 2018, uwanjani Anfield, muda mfupi baada ya kuingia kama mchezaji wa akiba, alikutana na mpira uliopanguliwa na golikipa wa Liverpool, akauchapa kwa kishindo hadi wavuni. Mechi ilimalizika kwa sare ya 2 kwa 2, na bao hilo likateuliwa kuwa bao bora la mwezi katika ligi.

Kizuri hakikosi ila. Ule ule ujasiri wa kumwendea adui bila kusita ndio uliomletea kadi. Msimu wa 2015/2016, akiwa Southampton, alitolewa nje ya uwanja kwa kadi nyekundu zaidi ya mara moja, akaiacha timu ikihangaika bila yeye. Hapa pana funzo ambalo mashabiki wetu hulipita kila siku. Sisi hudhani kwamba uwezo na udhaifu ni vitu viwili vilivyotiwa katika mifuko miwili, na kwamba mchezaji angeweza kuutupa mmoja abaki na mwingine. Mara nyingi ni kitu kimoja chenye nyuso mbili. Ungemwondolea Wanyama ukali wa kukaba ili asipate kadi, ungekuwa umemwondolea Wanyama mwenyewe. Kazi ya kocha na ya mchezaji ni kujua saa ya kuukaza ukali huo na saa ya kuulegeza.

Kisha huja udhaifu ambao si wa tabia wala wa akili. Kuanzia mwaka 2017 goti lilimsumbua, akakosa mechi nyingi, na kila aliporudi alikuta nafasi yake imekwisha kukaliwa. Mapema 2020 alihamia Montreal, Kanada. Wapo waliosema kwamba amekwisha, kwa dharau, kana kwamba goti ni dhambi. Kiungo wa ligi ile hukimbia takriban kilomita kumi au zaidi katika mechi moja, mechi za ligi peke yake ni 38 kwa msimu, na juu yake kuna mechi za vikombe na za timu ya taifa. Mwili wa binadamu haukufuliwa kwa chuma. Anayepima mchezaji bila kuhesabu mzigo aliobebeshwa hajapima kitu.

Tumtazame sasa Divock Origi. Huyu alizaliwa Ubelgiji mwaka 1995 na kuichezea timu ya taifa ya nchi hiyo, lakini damu yake ni ya huku kwetu. Babake, Mike Okoth, alikuwa mshambuliaji wa Harambee Stars kabla ya kwenda kucheza Ubelgiji, na ami yake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Usiku wa tarehe 7 Mei 2019, Liverpool ikiwa imefungwa mabao 3 kwa 0 na Barcelona katika mkondo wa kwanza, Origi alifunga mawili kati ya mabao manne yaliyoipeleka timu yake fainali. Bao la nne lafaa kufundishwa darasani. Trent Alexander-Arnold aliuendea mpira wa kona, akajifanya anauacha, kisha akageuka ghafla na kuupiga. Mabeki wa Barcelona walikuwa bado wakijipanga. Mtu mmoja ndiye aliyekuwa amekesha, naye ni Origi. Tarehe 1 Juni, jijini Madrid, alifunga bao la pili Liverpool ilipoishinda Tottenham 2 kwa 0 katika fainali, huku Wanyama akiwa kwenye benchi la wapinzani.

Uwezo wa Origi ulikuwa utulivu. Dakika za mwisho, wakati wengine miguu inatetemeka, yeye aliupokea mpira kama mtu aliye peke yake uwanjani. Hata lile bao la Desemba 2018 dhidi ya Everton, lililopatikana muda wa nyongeza baada ya mpira kugonga mwamba na golikipa kuuparaza, lilifungwa na mtu aliyeendelea kuufuata mpira wakati wengine walikwisha kuukatia tamaa. Lakini utulivu huo huo, katika mechi za kawaida za Jumamosi, ulionekana kwa wengi kuwa uzembe. Hakudumu katika kikosi cha kwanza. Wenzake wa safu ya mbele, Mohamed Salah, Sadio Mané na Roberto Firmino, walimshinda kwa kufanya kila juma kile ambacho yeye alikifanya kwa nadra. Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya kipaji na kazi ya kulipwa. Kipaji hung'aa siku moja. Kazi ya kulipwa hudai ung'ae kila siku, hata siku ambayo mvua inanyesha na umelala vibaya.

Pengine mwanafunzi atauliza: je, udhaifu ukishaonekana, ni wa milele? Jibu analo Salah. Alipokuwa Chelsea kuanzia 2014 alipewa mechi chache, akaondoka huku wengi wakisema kwamba ligi ya Uingereza haimfai. Alikwenda Italia, akarudi na Liverpool mwaka 2017, na katika msimu wake wa kwanza akafunga mabao 32 ya ligi, ambayo wakati huo yalikuwa rekodi ya msimu wa mechi 38. Kevin De Bruyne naye aliondoka Chelsea akiwa hajapata nafasi, kisha akawa mhimili wa Manchester City. Miguu ilikuwa ni ile ile. Kilichobadilika ni umri, kocha, nafasi ya uwanjani na imani ya waliowazunguka. Walimu wenzangu, ni wanafunzi wangapi tumewaandikia katika ripoti kwamba hawana uwezo, ilhali walikuwa tu wameketishwa mahali pasipo pao?

Lipo kosa jingine tulifanyalo, la kusema “wachezaji wa Uingereza” kana kwamba ni kabila moja. Ligi hiyo ilianza kwa sura yake mpya mwaka 1992. Katika siku zake za mwanzo wachezaji kutoka nje ya visiwa vile walioanza mechi walikuwa 13 tu. Kufikia tarehe 26 Desemba 1999, Chelsea iliteremsha kikosi cha kwanza kisicho na Mwingereza hata mmoja. Na msimu wa 2018/2019, waliofunga mabao mengi kuliko wote katika ligi walikuwa watatu waliolingana kwa mabao 22: Salah wa Misri, Mané wa Senegal na Pierre-Emerick Aubameyang wa Gabon. Kwa hiyo ile kasi, ule ustahimilivu na ile nidhamu tunayoistaajabia haikutoka katika maziwa ya mama wa Kiingereza. Hutengenezwa. Hutengenezwa viwanjani, kwa makocha, madaktari, lishe na mazoezi ya kurudiarudia jambo moja mpaka mwili ulifanye bila kuuliza akili.

Waingereza wenyewe wana udhaifu wao unaojulikana. Timu yao ya taifa ilitolewa kwa mikwaju ya penalti katika Kombe la Dunia la 1990, la 1998 na la 2006, na katika mashindano ya Ulaya ya 1996, 2004 na 2012, kisha ikapoteza fainali ya 2021 jijini London kwa njia hiyo hiyo. Watu waliozoea kukimbia wasimame, waambiwe watembee peke yao kuuelekea mpira uliotuama, na dunia nzima inawatazama! Nalitaja hili kwa sababu vijana wetu hudhani kwamba woga ni maradhi ya Waafrika. Woga hauna pasipoti.

Pasipoti inanileta kwa McDonald Mariga, kakake Wanyama. Januari 2010 alikuwa tayari kuhama kutoka Parma ya Italia kwenda Manchester City. Klabu zilikubaliana. Lakini alinyimwa kibali cha kufanya kazi, kwa kuwa sheria ilitaka mchezaji atoke katika taifa lenye wastani wa nafasi ya 70 au zaidi katika orodha ya FIFA, na Kenya haikuwa hapo. Akaenda Inter Milan badala yake, akawa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa mwaka huo huo. Fikiria vizuri, msomaji. Mchezaji aliyetosha kwa Inter iliyotwaa Ulaya hakutosha kwa Uingereza, na upungufu haukuwa katika miguu yake. Ulikuwa katika ofisi za soka za nchi yake, katika mechi ambazo hazikupangwa, katika timu ya taifa ambayo haikuandaliwa.

Sheria hizo zimebadilika. Tangu 2021 Uingereza huhesabu alama, na mchezaji wa kigeni hupewa alama kulingana na mechi alizoichezea timu yake ya taifa, hadhi ya ligi anakotoka na mafanikio ya klabu yake. Maana yake ni kwamba kijana anayecheza Kisumu leo hubeba mgongoni udhaifu wa ligi yake yote kabla hajagusa mpira. Nasi tulimwongezea mzigo: kuanzia Februari hadi Novemba 2022 Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA kwa sababu ya mvutano kuhusu uendeshaji wa shirikisho lake. Miezi tisa katika maisha ya mchezaji wa miaka kumi na minane ni mingi. Anayetaka kuorodhesha udhaifu wa wanasoka wetu, na aanze kuorodhesha hapo.

Je, tofauti baina yetu na wao ni kubwa kiasi gani tukikutana ana kwa ana? Tumekwisha kukutana. Julai 2017, jijini Dar es Salaam, Gor Mahia ilifungwa na Everton 2 kwa 1. Wayne Rooney alifunga kwa kombora la mbali, Jacques Tuyisenge akasawazisha kwa kichwa, na ushindi ukaja baadaye. Novemba 2018 Gor Mahia ilikwenda Liverpool, katika uwanja wa Goodison Park, ikafungwa 4 kwa 0. Julai 2019 Everton ilikuja Nairobi, ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Kariobangi Sharks, na Sharks wakashinda kwa penalti 4 kwa 3. Aliye na haraka atachagua matokeo yanayompendeza. Mwenye busara atazingatia kwamba mechi za Julai wenzetu walikuwa ndio kwanza wanarejea kutoka likizoni, na ile ya Novemba walikuwa katikati ya msimu wao. Kwa kupiga mpira hatuko mbali sana. Kwa matayarisho tuko mbali.

Nasema haya nikijua kwamba elimu ya kupima wachezaji si ngeni kwetu, tumeisahau tu. Tazama lakabu ambazo mashabiki wa Gor Mahia waliwapa mashujaa wao. Allan Thigo aliitwa “90 Minutes”, kwa kuwa alicheza dakika zote tisini kwa kiwango kile kile. Peter Dawo aliitwa “Omuga”, yaani kifaru kwa Kijaluo, na yeyote aliyemwona akiwaendea mabeki katika michuano ya 1987 hakuhitaji ufafanuzi. Lakabu ni tathmini iliyofupishwa. Aliyeibuni alikuwa amemtazama mchezaji kwa muda mrefu, akaona sifa moja inayomtenganisha na wengine wote, akaitafutia neno. Linganisha na mashabiki wa leo ambao kwao kila mchezaji mzuri ni “noma” na kila mbaya ni “takataka”. Msamiati umekongoroka kwa sababu jicho limekongoroka.

Redio nayo ilitufundisha. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alitangaza kandanda kwa watu ambao hawakuona chochote. Ilimbidi aseme mpira uko wapi, nani anao, nani anamfuata na nafasi iko upande gani, la sivyo msikilizaji wa Usenge au Mbita angebaki gizani. Masimulizi yalitangulia, hukumu ikafuata. Siku hizi runinga imetuonyesha kila kitu, nasi tukaona hakuna haja ya kusimulia. Tumebakiwa na hukumu tupu.

Nina neno pia kuhusu samaki. Utasikia ufuoni, nusu mzaha nusu kweli, kwamba watu wa ziwani wana kipaji cha soka kwa sababu ya mbuta na ngege wanaokula. Mzaha huu haudhuru kitu mpaka mtu auamini. Akiuamini, ataona hana haja ya mazoezi, na mtoto wa jirani asiyekula samaki atamwona hana bahati. Ukweli ni wa kawaida zaidi na una manufaa zaidi. Origi alilelewa na baba aliyekuwa mwanasoka. Mariga na Wanyama, ambao asili yao si ya ziwani, ni wana wa Noah Wanyama, aliyeichezea AFC Leopards. Kama mvuvi anavyomfundisha mwanawe kuusoma upepo kabla hajamkabidhi kafi, ndivyo wana hawa walivyofundishwa nyumbani kuusoma mchezo. Kipaji kilikuwapo, lakini palikuwa pia na mtu mzima aliyejua la kufanya nacho. Mtoto wa Obunga asiye na baba wa namna hiyo anahitaji shule na kocha wa kushika nafasi hiyo.

Badala ya kocha, aghalabu hukutana na kamari. Sitaki kulizunguka jambo hili. Elimu kubwa waliyo nayo vijana wetu kuhusu majeraha ya mabeki na umbo la washambuliaji haitumiki kuelewa mchezo. Hutumika kuweka dau kwa simu. Mwaka 2017 jina la SportPesa, kampuni iliyokuwa pia ikidhamini ligi ya Kenya, liliwekwa kifuani mwa jezi ya Everton. Julai 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari, na mwaka huo klabu zetu zilizokuwa zimeegemea fedha hizo zikabaki zikiyumba. Kwa upande wao, klabu za Uingereza zilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa majina ya kampuni za kamari kifuani mwa jezi zao kufikia mwisho wa msimu wa 2025/2026. Mcheza kamari hupima wachezaji kwa swali moja tu: nitapata ngapi? Swali hilo huua maswali mengine yote. Karo iliyowekwa juu ya mguu wa mtu aliye Manchester hairudi kwa sababu mguu huo una sifa nzuri.

Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Wavulana wanaoacha masomo kidato cha pili kwa kuwa Wanyama alifika Uingereza wanasafiria nyota isiyo yao. Waliofika huko kutoka Kenya wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na asiseme mtu kwamba kitabu na mpira haviketi pamoja. Michael Olunga, aliyefunga mabao matatu katika mechi moja ya ligi kuu ya Hispania akiwa na Girona mnamo Januari 2018, alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, na mashabiki wakamwita “Engineer”. Hiyo nayo ni lakabu, na inasema jambo.

Ningependa basi kuwapendekezea walimu wenzangu mambo matatu. La kwanza, tusiufukuze mpira darasani. Insha ya kulinganisha, ripoti, mjadala na mahojiano vyote vyaweza kufundishwa kwa mada hii, na mwanafunzi atakayeandika vizuri kuhusu Salah leo ataandika vizuri kuhusu wahusika wa riwaya kesho, maana kazi ni ile ile: kutoa sifa na kuithibitisha kwa tendo. La pili, tudai ushahidi. Mwanafunzi akisema mchezaji fulani ni mvivu, na aeleze dakika, mahali na tendo. La tatu, tumtake apime pia mchezaji mmoja wa karibu: wa timu ya shule, wa Kisumu Day au Agoro Sare, wa uwanja wa Moi au wa Mamboleo. Mtaala mpya umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu. Mkondo huo utakuwa jina tupu iwapo hatutazaa watu wanaoweza kuuona mchezo na kuueleza, yaani makocha, watangazaji, matabibu na waandishi.

Kwenu wanafunzi nina ombi moja. Jumamosi ijayo mchagueni mchezaji mmoja, mmtazame yeye peke yake kwa dakika kumi, hasa anapokuwa hana mpira. Angalieni anasimama wapi, anageuza kichwa mara ngapi, anafanya nini mwenzake anapokosea. Kisha jiulizeni swali hilo hilo kuhusu nafsi zenu: mimi nafanya nini wakati mpira hauko kwangu?

Agosti 2025, katika mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani yaliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, vijana wetu waliishinda Morocco 1 kwa 0 na kuongoza kundi lao, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Kocha wao alikuwa Benni McCarthy wa Afrika Kusini, ambaye msimu wa 2006/2007 aliifungia Blackburn Rovers mabao 18 katika ligi ile ile ya Uingereza. Alichukua alichokijua kule, akawapima vijana wa hapa kwa macho makini, akawapa kazi zinazolingana na uwezo wao. Walionekana watu wapya, ilhali walikuwa wale wale tuliowapita viwanjani kila Jumapili tukikimbilia runinga.